Mtoto Mdogo Katika Nyumba ya Arusi

Hapana arusi isiyo na watoto, wala hapana jambo linalosahauliwa upesi na waandaaji wa arusi kuliko watoto hao. Huhesabiwa viti, huhesabiwa sahani, hupimwa mchele na nyama; turubai huagizwa, na shehe huarifiwa saa ya kufungisha nikahi. Lakini yule mtoto wa miaka miwili atakayekuja mgongoni mwa mamake, akakaa pale saa saba au nane, yeye hapana aliyemkadiria. Naye ndiye, ikifika alasiri, atakayesikiwa na watu kuliko shehe.

Wazazi vijana, hasa kina mama, huuliza mara kwa mara kama ni vema kumchukua mtoto mdogo arusini au kumwacha nyumbani. Na wakimchukua, wamfanyie nini hata asiwaaibishe mbele ya wakwe. Twapenda kulijibu swali hili kwa urefu kidogo, maana wengi hulidhani kuwa ni jambo dogo la jikoni, nalo si dogo. Wako mabinti waliokuwa wakipendwa katika kila shughuli ambao tangu kuzaa wamekoma kabisa kutoka, mwaka wa pili huu au wa tatu, kwa kuogopa maneno. Na wako watoto wanaopigwa kofi mbele ya wageni mia kwa kosa la kuchoka.

Tuanze na lile la kumchukua. Siku hizi wako wanaoandika katika kadi zao za mwaliko, kwa maandishi mazuri ya rangi ya dhahabu, kwamba watoto wasiletwe. Mwenye shughuli ana haki ya kuipanga shughuli yake, hatubishi. Pengine ukumbi ni mdogo, au chakula ni cha kuhesabu. Ila asidhani kwamba kwa kufanya hivyo ameikaribia sunna. Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Nikahi, ameweka mlango mahsusi kwa ajili ya wanawake na watoto kwenda arusini. Chini yake ameipokea hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaona wanawake na watoto wa Kiansari wakirudi kutoka arusini, akainuka akasimama kwa furaha, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba wao ni katika watu awapendao mno. Hatusomi humo kwamba aliwauliza mbona wamewachukua watoto. Aliinuka.

Na yuko mwanamke mmoja katika Masahaba ambaye sisi twamhesabu kuwa ni mwalimu wa mlango huu, naye ni Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), wa Kiansari. Kwake zimepokewa hadithi mbili ambazo watu huzisoma kila moja mahali pake, wala hawazikutanishi. Ya kwanza ni ya arusi yake mwenyewe. Mtume (S.A.W.) alikuja asubuhi ya arusi akaketi, na visichana vilikuwapo vikipiga dufu na kuwakumbuka wazee wao waliouawa siku ya Badri. Mmoja wao alipotia neno la kumsifu Mtume kuwa ayajua ya kesho, alimkataza neno hilo peke yake, akamwambia aendelee na yale aliyokuwa akiyasema kabla. Basi hapo twaona watoto wamo arusini, na sauti yao yasikika, na kosa lao lasahihishwa kwa upole bila ya kufukuzwa.

Hadithi ya pili ni ya funga ya Ashura. Rubayyi asema kwamba walikuwa wakifunga na kuwafungisha watoto wao wadogo, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula, humpa kile cha sufu, naye akashughulika nacho mpaka wakati wa kufuturu.

Tuitazame hadithi hii vizuri, maana ndani yake mna elimu nzima ya kumshughulisha mtoto. Kitu kile kilitengenezwa mapema, kabla ya haja. Kilitengenezwa kwa mali iliyokuwamo nyumbani, hakikununuliwa kwa bei kubwa. Na mtoto hakukabidhiwa tangu asubuhi, alipewa alipolia. Laiti wazazi wote wangalishika hili la mwisho! Wengi wetu humpa mtoto kila kitu alichonacho katika dakika kumi za kwanza, wakati yungali na furaha na macho yake yashangaa mapambo, na akija kuchoka saa mbili baadaye, mfuko u mtupu.

Sasa tuje katika arusi zetu wenyewe, na tupatazame Nyamwaga. Nyamwaga ni kata katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, nchi ya Wakurya, na ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya hiyo. Jirani yake ni Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kuzalisha mwaka 2002. Na kwa ajili ya kazi na biashara, watu wa makabila mengi na dini mbalimbali wamekutana huko. Waislamu si wengi vijijini. Kwa hiyo arusi ya Kiislamu ikiwako Nyamwaga huwa ni mkusanyiko wa watu wa kila namna: shangazi aliyetoka Musoma kwa basi, wajomba wa Sirari mpakani, jamaa wa Mwanza, na majirani wengi wasiokuwa Waislamu ambao wamekuja kwa wema wa ujirani na wangependa kujua Waislamu hukaaje na watoto wao. Neno hili la mwisho lafaa kukumbukwa. Mgeni asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu haifahamu hotuba ya nikahi, lakini huyaona macho ya mama anapomvuta mwanawe mkono.

Tumekaa katika arusi ya huko mwezi wa Desemba, watoto wakiwa katika likizo. Uwanja ulikuwa wa udongo, umefagiwa tangu alfajiri, na turubai limefungwa katika miti. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili karibu na nyumba. Nyuma ya nyumba, masufuria makubwa ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, na moto wa kuni chini yake. Kati ya pande hizi tatu mlikuwa na watoto wadogo wasiopungua ishirini, nao peke yao ndio waliokuwa na ruhusa ya kwenda kila mahali. Mtoto hajui upande wa wanaume wala wa wanawake. Humfuata kuku mpaka jikoni, na kutoka jikoni hufuata mlio wa gari.

Hapo ndipo ilipo hatari, na twaomba msomaji asipite haraka. Kilio cha mtoto ni fedheha ya dakika chache, na watu husahau. Maji yanayochemka hayasahauliki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akishika mpini wa sufuria au akirudi kinyumenyume katika mafiga, huharibika mwili wake kwa muda mfupi kuliko wa kumwita jina. Ndoo ya maji iliyowekwa kwa kunawia nayo si ya kudharau: kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kwa kadiri ya mwili wake, na akiinama akatumbukia hana nguvu ya kujiinua. Maji ya sentimita chache yatosha kumziba pumzi, naye hazami kwa kelele; huzama kimya. Kisha gari la bwana arusi linaporudi nyuma, limepambwa maua na vitambaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, na vigelegele vyazuia dereva asisikie! Kijana mmoja mwenye akili timamu awekwe nyuma ya kila gari linaloondoka, na hiyo ndiyo kazi yake, wala asipewe nyingine. Sisi twamwona kijana huyo kuwa ana daraja katika arusi hiyo kuliko mpiga picha.

Basi kumshughulisha mtoto si anasa ya watu wa mjini. Mtoto mwenye shughuli mahali pake hana haja ya kwenda jikoni.

Katika arusi hiyo ya Nyamwaga, bibi mmoja mkongwe wa nyumba ile aliifanya kazi ambayo hakuiombwa. Alitandika mikeka miwili chini ya mwembe, upande wa mbali na moto, akawaita wasichana watatu wa miaka tisa, kumi hivi, akawagawia watoto: wewe hawa, wewe hawa. Mwenyewe akaketi katika kigoda akiwatazama, na fimbo yake akailaza mlangoni pa mkeka kama kizingiti. Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Kila watoto walipoanza kutawanyika, alitia mkono akatoa kitu kimoja: gunzi la hindi lililovishwa nguo na kufungwa kiuno kama bibi arusi, mpira wa matambara, kikombe cha bati na kijiko, kigari cha waya. Kimoja tu. Kilichokwisha kuchosha kilirudi kikapuni, kikatoka tena baada ya saa nzima kama kitu kipya. Hatudhani bibi yule alikuwa amepata kuisikia hadithi ya Rubayyi. Alikuwa amelea watoto na wajukuu, na yatosha.

Na hao wasichana watatu si jambo la kubuni la siku ile. Desturi ya kumkabidhi mtoto mdogo kwa dada yake ni ya zamani katika nchi zote za ziwani. Robert LeVine na mkewe Barbara, wataalamu wa Kimarekani, waliishi miaka ya 1950 kwa Wagusii wa Kenya, ambao ni ndugu wa Wakurya kwa lugha, na kitabu chao kuhusu kijiji walichokiita Nyansongo kilitoka mwaka 1966. Humo wameeleza jinsi mtoto wa kike wa miaka sita mpaka kumi alivyokuwa akikabidhiwa mchanga amlee mama yake awapo shambani. Desturi hii ina uzuri mkubwa, maana mtoto humfahamu mtoto mwenzake, na dada huyo hajui kuchoka kwa mchezo wa kujificha nyuma ya kanga na kujitokeza. Walakini ina mpaka. Msichana wa miaka tisa aweza kucheza na mtoto. Hawezi kuichukua dhamana ya moto na magari. Wala si haki kwamba yeye, ambaye naye alikuwa akiingoja arusi hii kwa hamu, asiione hata kidogo. Wawekwe kwa zamu, saa moja moja, na mtu mzima mmoja akae pale daima. Na katika zamu hizo wavulana nao watiwe. Hatukuona dalili ya kuwa mikono ya mvulana wa miaka kumi haiwezi kusukuma kigari cha waya.

Tukisema wavulana, twafika kwa baba zao. Hapa tutasema neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Katika arusi zetu, mtoto akilia, baba hutazama upande wa wanawake. Akilia katika hotuba, watu wazima hugeuka wote kwa pamoja wakimtafuta mamake, kana kwamba alizaliwa na mzazi mmoja. Je, wamesahau kwamba Mtume (S.A.W.) alisalisha watu hali amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zaynab? Alipokwenda kusujudu alimweka chini, na alipoinuka alimchukua tena, kama alivyosimulia Abu Qatada (R.A.). Na imepokewa pia kwamba alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuihofia roho ya mama yake isitaabike. Sala ilifupishwa kwa ajili ya kilio. Na hotuba zetu za karamuni, zenye kumshukuru kila mjumbe wa kamati kwa jina, hazifupishwi! Kama imamu wa maimamu alimbeba mtoto ndani ya sala, baba aliyeketi juu ya kiti cha plastiki akingoja pilau hana udhuru. Amchukue mwanawe saa moja, ampeleke akaone ng'ombe. Wakurya ni wafugaji, na kila mji huko una ng'ombe au una jirani mwenye ng'ombe. Kwa mtoto wa miaka miwili, ndama mmoja nyuma ya boma ni tamasha kubwa kuliko mapambo yote ya jukwaani, na halilipiwi.

Mambo yaliyobaki ni ya nyumbani, kabla ya kutoka. Mtoto asipelekwe hali ana njaa kwa tamaa ya kwamba atakula arusini. Chakula cha arusi kikiahidiwa saa 7 mchana hutoka saa 9, na hakuna anayelaumiwa, ndiyo desturi. Mtoto wa miaka miwili hajui desturi hiyo. Ale ashibe nyumbani uji wake au ndizi zake, na mama achukue chakula kidogo katika bakuli lenye kifuniko. Mwenye shughuli aliye mwema, sinia la kwanza litokalo jikoni hulipeleka kwa watoto. Ni sahani chache tu za wali mkavu usio na pilipili, lakini huununua utulivu wa watu mia tatu.

Karanga, bisi na peremende ngumu, ambazo wageni wakarimu huwatia watoto mikononi bila kuuliza, zizuiliwe kabisa kwa walio chini ya miaka minne. Mtoto mdogo hana magego ya kutosha kusaga kitu kigumu, na koo lake ni jembamba. Karanga moja yaweza kuingia njia ya pumzi. Tende nazo zitolewe kokwa na kukatwa vipande. Kadhalika maputo yaliyopasuka, vipande vyake viokotwe mara moja, maana mtoto huvitia kinywani. Shangazi akikasirika kwamba mmekataa zawadi yake, aambiwe kwa adabu, "Shangazi, ahsante sana, twamwekea mpaka akue." Atacheka.

Usingizi ndio mzizi wa mambo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limesema mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili ahitaji kulala saa 11 mpaka 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka mitatu na minne saa 10 mpaka 13. Basi mtoto aliyeamshwa saa 10 alfajiri ili basi lisiwaache, akakosa usingizi wa mchana kwa sababu kila mgeni ataka kumbeba, akilia saa 11 jioni si mtundu wala hana pepo. Ni mtu mwenye usingizi. Kilio hicho hakitulizwi kwa soda, maana sukari haikuwa haja yake. Mwenye nyumba atenge chumba kimoja, hata kiwe kidogo, chenye mkeka na giza kidogo, kisigeuzwe kuwa mahali pa kuwekea zawadi. Isipowezekana, mbeleko ipo. Mama aliyemfunga mwanawe mgongoni ameondoka na chumba chake cha kulala, na mtoto akisikia pumzi ya mamake hulala hata penye ngoma.

Ila si kila ngoma. Dufu ni jambo jingine, na vipaza sauti vya siku hizi ni jambo jingine. Mwaka 2019 Shirika hilo la Afya lilitoa kipimo kwa watu wasikilizao sauti katika vyombo vyao: kwa watoto, sauti ya desibeli 75 isizidi saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Kwa hesabu hiyo, sauti ya desibeli 90 ni saa 1 na robo tu kwa wiki nzima, na ikifika 99 ni dakika 9 hivi. Sasa waza mtoto aliyelazwa nyuma ya spika kubwa kwa sababu pale ndipo penye kivuli! Sikio likiharibika kwa namna hii halirudi. Na mpiga vyombo akiombwa apunguze, asijibu kwamba ndiyo raha ya arusi. Raha ya nani?

Mavazi tutayapitia upesi. Suti ya mtoto yenye tai, na gauni la nailoni linalowasha shingoni, ni za picha. Apigwe picha kwanza, kisha avuliwe avishwe pamba. Tena nchi ya Tarime ni ya nyanda za juu. Jua likizama baridi hushuka kwa ghafla, na watu wa ziwani hulijua hilo baada ya kwisha kutetemeka. Sweta lichukuliwe hata kama mchana ni wa jua kali. Na saa hiyo ya magharibi, Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru watoto wakusanywe na kuzuiliwa giza linapoingia, na baada ya kitambo cha usiku waachwe. Uwanja wa arusi saa ya magharibi, watu wakienda kutawadha na magari yakigeuka, ni mahali ambapo amri hiyo huonekana faida yake kwa macho. Wahesabiwe watoto hapo, kichwa kwa kichwa, kabla ya adhana.

Twajua tutaulizwa juu ya simu. Kijana wa leo, mtoto wake akinung'unika, humtolea simu na kumwonyesha katuni. Hatutasema ni haramu. Mwongozo ule ule wa mwaka 2019 hausifu mtoto wa mwaka mmoja kukalishwa mbele ya kioo hata kidogo, na kwa wa miaka miwili waweka mpaka wa saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Basi simu na iwe kama dawa ya homa, katika safari ndefu ya basi au wakati wa ijabu na kabuli, dakika chache za kimya. Tatizo la simu arusini ni kwamba humtoa mtoto arusini. Mwili wake upo, yeye hayupo. Amekosa kumwona babu yake akilia machozi ya furaha, amekosa vumbi la wachezaji, amekosa kuitwa kwa jina na watu arobaini ambao ni damu yake. Mtoto wa Nairobi au wa London aliyeletwa mara moja katika miaka mitano kuwaona jamaa wa Mara, akirudi ameona katuni zile zile, nauli imekwenda bure.

Bora apewe kazi. Mtoto wa miaka mitatu hupenda kazi kuliko mchezo, na hasa kazi ya kweli. Apewe kubeba vikombe vya plastiki kimoja kimoja kutoka hapa mpaka kwa shangazi. Apewe kugawa leso za karatasi. Atamwaga, ataangusha, atampa mtu mmoja leso sita. Na ipitapo nusu saa uso wake una heshima kama wa katibu wa kamati. Wa mwaka mmoja na nusu hawezi hayo. Huyo mpe sufuria ndogo na kifuniko chake, na mtu wa kumtazama afunikapo na kufunua. Na akiwa na huzuni ya jambo lake dogo, aulizwe habari zake. Mtume (S.A.W.) alimwona mdogo wake Anas, aitwaye Abu Umayr, ana huzuni kwa kufiwa na ndege wake, akamwuliza habari ya ndege yule kwa lakabu yake ya heshima, kama aulizwavyo mtu mzima.

Tumebakisha jambo moja, nalo ndilo zito, na hatujaliona likiandikwa. Mara nyingi mtoto anayelia sana arusini halii kwa njaa wala usingizi. Bibi arusi ni nani kwake? Ni khaloye mdogo, au shangazi yake, au dada mkubwa. Yule yule aliyekuwa akimbeba mgongoni tangu kuzaliwa, akimlisha na kumwogesha mama yake awapo sokoni. Kwa mtoto huyo, arusi ni siku ambayo mlezi wake amepakwa rangi usoni mpaka hatambulikani, amevikwa nguo zisizoshikika, amezungukwa na watu wamzuiao mtoto asimkaribie, kisha ametiwa garini akaondoka, na watu wote wakapiga vigelegele. Wakubwa husema, "Mtundu huyu, ameitia doa arusi." Hakuna aliyemwambia kitu.

Ajabu ni kwamba mila zetu za pwani hulijua jambo hili kwa upande wa mama wa bibi arusi. Katika haki zidaiwazo wakati wa posa, pamoja na kilemba cha baba, mna mkaja, nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kuzaa, na mna ubeleko, nguo aliyombebea mwanawe mgongoni. Yaani mgongo uliobeba hukumbukwa siku ya kuachana. Mtoto abebwaye sasa hivi na bibi arusi hana fungu katika haki hizo, wala hatudai atolewe mahari. Twadai mambo mepesi. Awapo bibi arusi katika kupakwa hina, mtoto na awepo, apakwe tone moja kiganjani, auone uso ule ukibadilika kidogo kidogo asije akaukuta umekwisha kuwa wa mtu mwingine. Aambiwe siku mbili tatu kabla, kwa maneno machache, kwamba khalo ataenda kukaa kwa mumewe. Asidanganywe kwamba anakwenda dukani, maana mtoto aliyedanganywa hivyo humlilia kila aendaye dukani mwezi mzima. Kabla ya gari kuondoka, bibi arusi amchukue mapajani dakika mbili, na nguo ikikunjamana na ikunjamane. Na kanga yake moja aliyoizoea, isiyofuliwa, aiache nyumbani ili mtoto alale nayo usiku ule.

Asubuhi ya pili ataamka na kumtafuta chumbani. Aambiwe palepale yuko wapi na ni siku gani watakwenda kumwona. Ikiwa imesemwa Ijumaa, Ijumaa hiyo apelekwe, hata kama wenye nyumba wapya hawajamaliza kufungua masanduku.